VIJIDUDU VYEMA NA KIBOFU CHA MKOJO: USIACHE MBACHAO KWA MSALA UPITAO

Na Mweka Hazina wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha 3



Wahenga walinena kwamba mficha uchi hazai, na wengine wakaongeza kuwa mficha maradhi kilio humfichua. Kwa hivyo leo nitasema waziwazi jambo ambalo kwa kawaida husemwa kwa kunong'ona. Nitasema juu ya mkojo. Anayetaka kucheka na acheke sasa amalize, kisha tuendelee pamoja.

Wengi wenu mnanijua kwa magongo yangu mawili. Mnajua pia kwamba kila baada ya saa nne hivi mimi hutoka darasani na mfuko mdogo wa kitambaa, hata kama mwalimu yuko katikati ya hesabu ngumu. Wapo wanaodai ati naenda kulala. Wengine wameapa kuwa mfukoni mna mandazi. Lo! Laiti yangekuwa mandazi! Mfukoni mna mpira mwembamba wa kutolea mkojo, sabuni na kitambaa safi. Nilizaliwa na mgongo wazi, yaani pingili za chini za uti wa mgongo hazikujifunga vizuri nilipokuwa tumboni mwa mama. Madaktari waliufunga nilipokuwa mtoto mchanga, lakini neva zilizokuwa zimekwisha kudhurika hazikurudia hali yake.

Si mimi peke yangu. Wako waliozaliwa wazima wakaumia baadaye katika ajali ya matatu au bodaboda, kwa kuanguka kutoka mwembeni, kwa kupigwa risasi, au kwa kifua kikuu kilichoingia katika mifupa ya mgongo. Njia tulizopitia ni mbalimbali, lakini taabu ya kibofu ni ile ile.

Muhula wa pili nililazwa siku tano kwa homa iliyotokana na maambukizi ya njia ya mkojo. Nilipotoka, shangazi yangu alikuwa ameambiwa na watu juu ya vidonge vyenye "vijidudu vyema" ambavyo, eti, mtu akivimeza hatapata maambukizi tena. Bei yake ilikuwa ya kutoa machozi. Swali likawa moja: je, maneno haya ni ya kweli? Nimelifuatilia kwa msaada wa mwalimu wetu wa Bayolojia na muuguzi wa kliniki ninayohudhuria. Niliyoyapata ndiyo haya.

KIBOFU HUFANYAJE KAZI?

Figo zetu mbili huchuja damu usiku na mchana na kuteremsha mkojo ndani ya kibofu. Kibofu ni mfuko wa misuli. Cha mtu mzima huweza kubeba mililita 400 hadi 500 hivi, karibu nusu lita, bila taabu. Kinapojaa, neva hupeleka habari kwenye ugwe mgongo, ile kamba laini ya neva inayopita ndani ya pingili, na habari hiyo hupanda hadi kwenye ubongo. Ubongo hujibu, "Ngoja kidogo, kengele haijalia," ama, "Haya, nenda sasa." Ukishafika msalani, misuli ya kibofu hujikaza na mlango wake hulegea kwa wakati mmoja. Mambo hayo mawili hutendeka kwa mapatano, nawe wala hufikiri.

Sasa kata simu hiyo katikati. Habari haipandi na amri haishuki. Kwa mtu mmoja kibofu hulegea kama mfuko wa plastiki, kikajaa hadi kufurika. Kwa mwingine kibofu hujikaza chenyewe ovyo, tena wakati mlango umefungwa. Hapo mkojo, badala ya kutoka nje, huweza kusukumwa kurudi juu kwenye figo. Katika hali zote mbili hubakia mkojo ambao haukutoka.

Mkojo uliotuama ni kama maji ya dimbwi nyuma ya jikoni. Ukikaa, vijidudu huzaana. Bakteria waitwao E. koli, ambao kwao ni utumboni, ndio wavamizi wakuu. Wako pia Klebsiela, Proteusi na Enterokokasi. Wakishapanda hadi kwenye figo huleta homa kali, na wakizoea njia hiyo huweza kuziharibu kabisa. Wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia, askari wengi waliovunjika mgongo hawakuuawa na risasi yenyewe. Waliuawa baadaye na vidonda vya kulalia na maambukizi ya mkojo. Kwa hiyo, mnaponiona natoka darasani, mjue kwamba ninakwenda kulinda figo zangu.

KWA NINI WATU WATAMANI DAWA NYINGINE?

Jawabu la kawaida la maambukizi ni antibiotiki, yaani dawa za kuua bakteria. Dawa hizi zimeokoa maisha yangu, wala sizibezi. Lakini mtu anayezitumia mara kwa mara huwafundisha bakteria vita. Wale dhaifu hufa, wale sugu hubaki wakazaana, na mwishowe dawa iliyokuwa ikitibu inakuwa kama maji matupu. Tena antibiotiki haichagui. Huwaua pia bakteria wema wa tumboni, ukaishia kuhara.

Hapo ndipo lilipozuka wazo hili: badala ya kuwaua wabaya kila mara, mbona tusiwapeleke wema wakakalie nafasi zao? Shamba likijaa mahindi, magugu yatapata wapi pa kuota?

VIJIDUDU VYEMA NI NINI?

Kitaalamu huitwa probiotiki. Mwaka wa 2001 wataalamu walioitwa na Shirika la Afya Duniani na Shirika la Chakula na Kilimo walieleza kwamba probiotiki ni vijidudu hai ambavyo, vikitumiwa kwa kiasi cha kutosha, humpa faida ya kiafya yule anayevitumia. Shika maneno mawili hapo: "hai" na "faida". Kikiwa kimekufa, au faida yake haijaonekana, hakistahili jina hilo.

Wazo lenyewe ni la zamani. Elie Metchnikoff, mtaalamu mzaliwa wa milki ya Urusi aliyefanya kazi katika Taasisi ya Pasteur mjini Paris, aliandika mwaka wa 1907 kwamba bakteria wa maziwa yaliyochacha wangeweza kurefusha maisha ya binadamu. Mwaka uliofuata alipata Tuzo ya Nobel, ingawa aliipata kwa kazi nyingine, ya kueleza jinsi chembe za mwili zinavyowameza wavamizi.

Sisi hapa Kenya hatuhitaji kwenda Paris ili tujue maziwa yaliyochacha. Tunayo maziwa lala, na wenzetu Wakalenjin wana mursik yao ndani ya kibuyu kilichopakwa masizi. Bakteria wa maziwa hugeuza sukari iliyomo kuwa asidi. Ile ladha ya ukali unayoisikia ulimini ndiyo asidi yenyewe, na bakteria wengi wabaya hawaipendi.

Yuko bakteria mmoja wa jamii hiyo ambaye ni mashuhuri sana. Jina lake ni Lactobacillus rhamnosus GG. Zile herufi mbili za mwisho ni za Sherwood Gorbach na Barry Goldin, Wamarekani waliomchagua katika miaka ya 1980. Kwa jirani zetu wa Uganda, ndugu yake yule yule, aliyepewa jina la yoba 2012, hutumiwa na watengenezaji wadogo kuchachushia maziwa ya kuuza. Kwa hiyo si mgeni wa mbali kama tunavyodhani.

Wataalamu wana sababu ya kutumaini. Kwa miaka mingi vitabu vilifundisha kwamba mkojo uliomo kibofuni mwa mtu mwenye afya hauna kijidudu hata kimoja. Lakini vipimo vipya vya kusoma chembe za urithi vimeonyesha vingine. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2012 ulilinganisha mkojo wa watu wenye afya na wa watu walioumia ugwe mgongo. Katika mkojo wa wenye afya, hasa wanawake, walionekana sana Laktobasili, jamii ile ile ya bakteria wa maziwa. Katika mkojo wa walioumia walitawala akina E. koli, Klebsiela na Enterokokasi. Basi watu wakauliza: tukiwarudisha wema nyumbani kwao, si wabaya watahama?

UTAFITI WASEMAJE?

Hapa, msomaji, tufungue macho. Wazo zuri ni jambo moja, na wazo lililopimwa likashinda ni jambo jingine.

Kwanza, vidonge vya kumeza. Nchini Australia watu 207 walioumia ugwe mgongo waligawanywa kwa kura. Wengine walipewa vidonge vya jozi moja ya vijidudu vyema, wengine jozi nyingine, wengine zote mbili, na wengine vidonge vilivyofanana navyo lakini havina kitu. Mgonjwa hakujua anameza kipi. Wakafuatwa kwa muda wa wiki 24. Miongoni mwa vijidudu vilivyojaribiwa alikuwamo yule GG mashuhuri. Matokeo yalichapishwa mwaka wa 2019: hakuna jozi iliyoonekana kupunguza maambukizi ya mkojo kuliko vidonge vitupu.

Mbona ikawa hivyo? Hebu ifuate safari ya kidonge. Unakimeza, kinapita tumboni penye asidi kali, kinaingia utumboni, kisha kinatoka chooni. Hakuna mahali kinapovuka kuingia kibofuni. Tumaini la vidonge ni kwamba wema watajaa utumboni na kuwapunguza wabaya pale wanapotokea, na kwa wanawake wakaribie mlango wa mkojo kutoka nje. Hiyo ni njia ndefu. Na wakati huo huo mpira unaingia kibofuni mara nne, tano au sita kwa siku, na kila mara huweza kuingia na wageni wapya.

Pili, wako walioamua kufupisha safari na kuwatia wema moja kwa moja ndani ya kibofu. Mjini Washington, Marekani, watafiti walioongozwa na Daktari Suzanne Groah waliwafundisha watu wanaotumia mipira jinsi ya kujitilia GG kibofuni kupitia mpira huo huo, pindi mkojo unapokuwa na ukungu au harufu kali. Walifuatwa kwa miezi 18: sita ya kutazama tu, sita ya kutumia, na sita ya kuacha. Ripoti ya mwaka wa 2021 ilionyesha kwamba dalili za mkojo zilipungua. Hilo latia moyo. Lakini halikuwako kundi la pili lililotiwa maji matupu kwa kulinganisha, na sote tunajua kuwa mtu akitarajia nafuu huweza kuisikia. Kwa hiyo hiyo ni hatua ya kwanza tu.

Tatu, na hili lilinishangaza zaidi, kule Houston Daktari Rabih Darouiche na wenzake walimtumia adui kumfukuza adui. Walichukua E. koli mmoja mpole, namba 83972, aliyepatikana kwa msichana wa Sweden ambaye alikuwa amekaa naye kibofuni kwa miaka bila kuugua. Wakamtia mpole huyo katika vibofu vya watu walioumia mgongo. Majaribio yao yalionyesha kwamba wale ambao mpole huyo alikubali kukaa kibofuni mwao walipata maambukizi machache zaidi. Taabu ikawa kwamba kwa wengi alikataa kukaa.

Basi jibu langu kwa swali la Shangazi ni hili: vijidudu vyema si uwongo, lakini kwa kibofu cha mtu kama mimi bado ni dawa inayotafutwa. Vidonge vya kumeza vilipopimwa vizuri havikusaidia. Njia ya kutia kibofuni inaendelea kuchunguzwa mikononi mwa madaktari. Na asije mtu akasoma makala haya akachukua maziwa lala akajimiminia kibofuni! Maziwa yana bakteria wa kila namna na mafuta pia, na hilo litakuwa balaa juu ya balaa. Maziwa lala ni ya kunywa. Yanywe kwa ugali, ushibe, ushukuru.

Nilimweleza Shangazi haya yote kwa heshima, maana alikuwa ametaka kunisaidia kwa moyo mmoja. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Sasa mwanangu, zile pesa nikununulie nini?" Nikamjibu, "Mipira na sabuni, Shangazi." Akacheka, lakini alinunua.

MBACHAO WETU

Usiache mbachao kwa msala upitao. Mbachao ni ule mkeka uliochakaa lakini ni wako, na msala ni ule mzuri unaopita mbele ya macho yako ukienda zake. Mbachao wetu sisi wenye kibofu kisichosikia amri ni upi?

Ni kumwaga mkojo kwa saa. Mwaka wa 1972 Daktari Jack Lapides wa Chuo Kikuu cha Michigan alichapisha njia iliyobadilisha maisha ya watu wengi. Kabla yake iliaminika kwamba mpira lazima uingizwe na daktari au muuguzi, kila kitu kikiwa kimechemshwa na glavu mikononi. Lapides alisema hapana. Kinachodhuru zaidi ni kibofu kuachwa kijae hadi kivutike, kwa maana ukuta wake ukivutika damu haipiti vizuri, na pasipo damu hakuna ulinzi. Mgonjwa mwenyewe aweza kuingiza mpira kwa mikono iliyonawiwa tu, mradi awe anafanya hivyo mara kwa mara. Usafi wa kawaida na saa isiyokosewa hushinda usafi wa hospitali unaopatikana mara moja kwa siku.

Kwa hiyo kanuni nilizofundishwa ni hizi:

1. Mwaga kila baada ya saa nne hadi sita, usingoje kujaa. Kwa mtu mzima, kibofu kisipite mililita 500.

2. Nawa mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka kabla na baada ya kazi hiyo. Hakikisha kibofu kimekwisha kabisa kabla ya kutoa mpira.

3. Kunywa maji kwa mpango siku nzima. Kukwepa maji ili usitoke darasani ni kujichimbia kaburi.

4. Mkojo wenye ukungu peke yake si ugonjwa. Karibu kila anayetumia mpira ana bakteria kibofuni siku zote, na kumpa antibiotiki asiyeugua ni kuwafuga bakteria sugu. Lakini ukiona homa, baridi, maumivu ya kiuno, kutapika, au miguu kukakamaa kuliko kawaida, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

5. Mtu aliyeumia sehemu ya juu, kifuani au shingoni, akiumwa ghafla na kichwa kama kinapasuka na kutokwa jasho usoni, mkalishe wima na umsaidie kumwaga mkojo upesi. Kibofu kilichojaa huweza kumpandishia shinikizo la damu hadi likamuua. Ikiwa hapati nafuu, mpelekeni hospitali mara moja.

Neno dogo juu ya mpira wenyewe: nasema "mpira" kwa mazoea, lakini wangu ni wa plastiki. Wengi wetu tuliozaliwa na mgongo wazi mili yetu huchukia mpira halisi, ule utokao mtini, tukavimba au kushindwa kupumua. Ndiyo sababu mimi sichezi na vibofu vya kupuliza siku ya sherehe, si kwa kuringa.

OMBI LANGU KWA WALIMU NA WENZANGU

Kwa kuwa nimesema dawa kubwa ni maji, sabuni na saa, mtaona kwamba dawa hiyo haiuzwi dukani tu. Sehemu yake iko mikononi mwenu. Naomba choo kimoja cha karibu na madarasa kiwe na komeo ndani, ndoo yenye bomba, na sabuni isiyotoroka. Komeo si anasa. Mtu mwenye mpira mkononi hawezi kushika mlango kwa mguu, hasa mguu wenyewe ukiwa haushiki. Viranja wa zamu, siku ya upungufu wa maji naomba lita tano tu zitengwe kabla ya foleni ya bweni.

Walimu wetu wapendwa, saa yangu hailingani na kengele. Ikinikuta katikati ya mtihani, naomba dakika zangu kumi zirudishwe mwishoni.

Nanyi wenzangu, nikisimama na mfuko wangu, endeleeni kuandika. Mkinipa daftari nikirudi ninakili nilichokikosa, mtakuwa mmenipa kitu kuliko vidonge vyote vya ng'ambo. Na iwapo yuko kidato cha kwanza mwenye taabu kama yangu ambaye hunywa kikombe kimoja cha maji kutwa kwa kuogopa kuchekwa, na anione. Nitamwonyesha jinsi ya kupanga saa zake, na mfuko wa pili ninao.

Hapo natia nanga. Wasalaam.